Maji hayana subira: majibu ya maswali yenu kuhusu safari ya kisiwani

Maswali yaliyonifikia ni ya watu wanaotaka jambo moja: kuamka, kupanda mashua, kufuata pwani hadi kisiwani, kuzunguka huko, na kulala nyumbani siku hiyo hiyo. Nimeyafupisha kidogo.

Kisiwa kiko mwendo wa saa moja tu, lakini nahodha anataka tung'oe nanga saa 12 asubuhi. Kwani tukiondoka saa 4 kuna ubaya gani?

Msikilize nahodha. Asubuhi bahari mara nyingi huwa imelala. Jua likipanda, nchi kavu hupata moto haraka kuliko maji, hewa yake huinuka, na hewa ya baharini iliyo baridi zaidi huja kushika nafasi yake. Ndio ule upepo wa alasiri unaopeperusha kofia. Mkichelewa kwenda mtachelewa kurudi, na mtarudi mawimbi yameshainuka. Sababu ya pili ni maji yenyewe, na hiyo inahitaji swali lake.

Bamvua na maji mafu vinanihusu nini mimi ninayekwenda kutembea tu?

Vinaamua kama utalala kitandani au kwenye fungu la mchanga. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja, hivyo maji hujaa sana na kupwa sana: bamvua. Mwezi ukiwa nusu, mivutano hiyo hukinzana, maji yakajaa kidogo na kupwa kidogo: maji mafu. Katika pwani nyingi maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo usifuate ratiba ya rafiki aliyekwenda wiki iliyopita. Saa aliyokuta yeye maji yamejaa, wewe huenda ukakuta miamba mitupu.

Kuna jambo jingine linalodanganya wengi. Tuseme maji yatashuka mita 3 kwa saa sita. Hayashuki kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hushuka kama sentimita 25, ya pili 50, ya tatu na ya nne 75 kila moja, kisha 50, kisha 25. Saa ile ya kwanza unaitazama mashua, unaona inaelea vilevile, unaondoka zako.

Yamenikuta. Tuliiacha mashua kwenye maji ya kiunoni, tukavuka upande wa pili wa kisiwa kutafuta mapango. Tuliporudi ilikuwa imelala ubavu juu ya mchanga, nanga pembeni kama jembe lililosahauliwa shambani. Tukasukuma watu sita. Haikutikisika hata kidogo. Tumepwelewa! Tukangoja hadi giza likaingia, chupa ya maji ikiwa moja, na mwenzetu mmoja akitukumbusha kila dakika kumi kwamba yeye alisema.

Siku hizi kitu cha kwanza ninachouliza ni saa ya maji kupwa. Ikiwezekana, shukeni kisiwani maji yakiwa ndiyo kwanza yanaanza kujaa, na mtu mmoja abaki na chombo. Kamba ya nanga iwe mara tano hadi saba ya kina, na kina hicho ni kile cha maji yakijaa, si cha wakati mnapoitupa.

Mafuta kiasi gani yanatosha?

Theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya balaa.

Mimi hutapika hata kwenye basi. Nikae wapi?

Katikati, na chini kadiri uwezavyo. Wahenga waliposema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani walikuwa na lao moyoni, lakini kwa mgonjwa wa bahari hayo ni maelekezo kabisa: omo na tezi, yaani mbele na nyuma, ndiko chombo kinakopanda na kushuka zaidi, na ngamani ni chini tumboni mwa chombo. Weka macho kwenye upeo, simu mfukoni. Sikio la ndani linauambia ubongo kwamba mnayumba, huku macho yaliyoganda kwenye kioo yakiapa mmetulia; tumbo ndilo linalolipia ugomvi huo. Dawa humezwa kabla ya safari, na nyingi husinzisha, basi mwulize mfamasia. Usiende na njaa. Likishindikana, tapikia demani, yaani upande upepo unakoelekea. Walio joshi, upande upepo unakotoka, watakushukuru.

Wanangu wawili wanajua kuogelea. Bado wavae maboya?

Ndiyo, mama. Wayavae kabla ya kupanda, yanayolingana na uzito wao. Boya lililo chini ya benchi ni mzigo tu.

Nilikanyaga kitu ufukweni, maumivu yakapanda hadi kinena. Wenzangu wakataka kunikojolea!

Wabaki na mkojo wao. Inaelekea ulikutana na taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia mchangani, au yule samaki anayefanana na jiwe. Sumu zao hudhoofishwa na joto: tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kiasi cha kuvumilika, nyuzi 45 hivi, kwa dakika 30 hadi 90, kisha nenda hospitali. Maji yapimwe kwa mkono wa mtu mzima wa afya, kwani mguu wenye maumivu makali hautambui kuungua. Ndiyo maana chupa ya chai haikosekani mkobani mwangu, hata kama hakuna anayetaka chai. Safari nyingine vaa viatu vya soli nene na uburute miguu majini. Taa akisikia mtikisiko huondoka mwenyewe.

Nikiokota kombe tupu, namwibia nani?

Kaa. Kuna wale wasio na gamba lao la nyuma, ambao huhamia magamba yaliyoachwa na konokono wa baharini, na wakikua hutafuta jingine kubwa zaidi. Na kabla hujaliita tupu, ligeuze uchungulie ndani. Mara nyingi kuna macho mawili yanakuchungulia wewe.