Mapipa, teksi na bahati: barua kwa mwanangu aliye Maskati

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Huku Mombasa hatujambo. Bibi yako magoti yanamsumbua tangu mvua zianze, lakini bado huamka kabla ya adhana na kuhakikisha nasi hatulali.

Ujumbe wako wa sauti wa juzi usiku niliusikiliza hadi mwisho. Umenieleza habari ya barua ya mwajiri iliyokosa muhuri, mtahini wa leseni asiyekutazama usoni, na faini uliyotishiwa kwa kuanika kanga roshani. Kisha ukauliza: "Mama, wewe ulipokuwa huku, kila hadithi yako ilikuwa ya mtu mwema. Mimi napata foleni na kaunta tu. Ulikuwa na bahati kunishinda, au ulikuwa ukitupambia?"

Nilikuwa na bahati, na nilikuwa nikiwapambia. Nianze na hilo la pili kwa kuwa ni fupi.

Wakati ule tulipiga simu kwa kadi za kukwangua. Hujamaliza kuwajulia hali watu wa nyumba nzima, yule mwanamke wa kwenye mashine anakwambia imebaki dakika moja. Dakika hiyo niitumie kumsimulia bibi yako habari za foleni? Nilimpa lililo tamu, akalale. Wewe leo una bando, hasira ya asubuhi inanifikia asubuhi hiyo hiyo ikiwa bado moto. Hadithi zangu ziliwafikia zimeshapetwa kama mchele, chuya zote nimeziacha Maskati.

Basi leo nikupe na chuya.

Nilikwenda Oman kufanya kazi ya uuguzi, na nikijihesabu dereva. Nilikuwa nimeshaendesha gari Mombasa hii, nikapanda na kushuka kwenye feri ya Likoni huku makanga wakinigongea bodi, nani angenifundisha gari? Kumbe kule magari hupita kulia, na leseni yetu hawaibadilishi hivi hivi. Unaanza upya na mwalimu, kisha mapipa, kisha kilima, kisha barabarani. Mapipa sasa unayajua: unarudi kinyumenyume baina yake, ukiligusa moja tu umekwisha, uje siku nyingine. Mpaka naondoka sikuwahi kuona mahali Maskati ambapo mtu wa kawaida huegesha gari baina ya mapipa. Niliyagusa. Nikarudi nikayagusa tena. Mwalimu wangu, Mwomani mtu mzima aliyelipwa kwa saa, kila nikifeli husema "inshallah wiki ijayo" kwa uchangamfu ulionitia shaka.

Na karatasi! Ukitaka laini ya simu, barua ya mdhamini, yaani mwajiri wako. Ukitaka kupanga nyumba, barua ya mdhamini. Hospitali yetu ilikuwa na mandub mmoja wa kuzungusha karatasi za watu wote, na ukimpata ana kwa ana ujue ameshapita mtu mwingine akamkasirisha. Wikendi nayo enzi zetu ilikuwa Alhamisi na Ijumaa. Waliihamisha ikawa Ijumaa na Jumamosi Mei 2013, mimi nimeshaondoka. Hebu piga hesabu: siku kamili ambazo ofisi za Maskati na za Mombasa zote zilikuwa wazi ni Jumatatu mpaka Jumatano. Karo yako ikikwama benki siku ya Jumatano jioni, nilijua sitapata jibu mpaka wiki nyingine. Hilo sikukwambia, ulikuwa mdogo na ulihitaji kulala.

Joto silisemi, unalo.

Sasa bahati. Kwa kuwa sikuwa na leseni, nilikuwa mtu wa teksi, zile nyeupe zenye rangi ya chungwa. Mabasi yalikuwa machache, hayakuwa haya mekundu ya Mwasalat unayoyaona wewe. Teksi zilikuwa za kugawana: unasimama kando ya barabara, unataja uendako, unabanwa na abiria wengine, na kila mmoja analipa baisa zake, ndizo senti za huko, mtaa hadi mtaa, Ruwi hadi Ghubra, Ghubra hadi Seeb. Nilizichukia sana. Utoke zamu ya usiku miguu imevimba, ukae katikati ya watu wawili wenye mifuko ya vitunguu, na dereva anazungumza amegeuka nyuma huku gari linakwenda mbele.

Lakini chukua zile hadithi ulizozipenda ukiwa mdogo, uzitazame moja moja. Zote zilianzia ndani ya teksi.

Bibi wa Maskati mliyekuwa mkinisumbua niwasimulie, nilimpata hivyo. Nilikuwa kiti cha nyuma nikiitukana kadi ya simu, kimoyomoyo nikidhani, kumbe kwa sauti. Mama mmoja mbele, abaya na miwani, akageuka: "We mwanangu, wa wapi?" Alizaliwa Ng'ambo, Unguja. Aliondoka msichana baada ya mapinduzi ya 1964, akahangaika kwingine, kisha Sultani Qaboos aliposhika nchi 1970 na kuwaita watu warudi, wakaja Oman yeye na kaka zake. Siku ile hakuniacha niteremke kwangu. Nilikunywa chai kwake Al Khuwair, mandazi yake yana iliki kama ya hapa, na tangu hapo Ijumaa yangu isiyo na zamu ilikuwa kwake: wali wa nazi, samaki wa kupaka, na ugomvi wa kirafiki juu ya nani anasema Kiswahili sahihi, Unguja au Mvita. Chumba changu cha Wadi Kabir alinitafutia mjukuu wake. Barua ya mdhamini iliyokuwa imelala wiki kadhaa, kijana huyo huyo aliniandikia maombi yake upya kwa Kiarabu kinachosomeka, ikatoka.

Sikuyatafuta hayo. Laiti kadi ingekuwa na salio siku ile, ningenyamaza njia nzima.

Na yule dereva aliyezaliwa Bujumbura. Maana Maskati hukutani na watu wa Unguja tu, wapo waliokulia Burundi, Rwanda na Kongo, na Kiswahili chao kina mwendo wake. Huyu alikuwa akinibeba mara kwa mara kutoka Ruwi, akapajua mlangoni kwangu. Juni 2007 kikapiga kimbunga Gonu. Qurum ilijaa maji, barabara zikachukuliwa, na mitambo ya Ghubra na Barka inayotoa chumvi kwenye maji ya bahari ikasimama. Mji una bahari mlangoni na watu wanapanga foleni ya maji ya kunywa kwenye malori. Jengo letu lilikuwa la wauguzi wageni, hatuna mwanamume, hatuna gari, madumu tuliyokuwa nayo ni ya mafuta ya kula. Yule dereva akatokea na madumu ya maji nyuma ya teksi. Nilipomuuliza amejuaje, akasema, "Si ndipo ninapokushusha?"

Baadaye nikaipata leseni. Ndiyo, mapipa yaliniachia hatimaye. Nikanunua Toyota kuukuu yenye kiyoyozi kizuri kuliko injini, nikawa natoka mlangoni kwangu hadi mlango wa hospitali bila kuongea na kiumbe. Raha, sikatai. Lakini tangu siku ile mpaka narudi nyumbani, mwanangu, sina hadithi mpya ya kukupa. Watu niliowajua ni wale wale wa enzi za teksi. Bahati zangu na kero zangu zilikuwa zikipanda gari moja, na mimi nikaliacha kituoni.

Usije ukaigeuza hadithi hii kuwa dawa, ukaanza kupanda mabasi ukingoja miujiza. Bahati yangu ilikuwa na mlango wake, nao ni Kiswahili, ambacho sikukisomea. Mwenzangu wa chumbani, Mhindi wa Kerala, alipanda teksi hizo hizo na hakuna bibi aliyegeuka kumuuliza kwao wapi. Yeye alikuwa na watu wake, tena wengi kutushinda. Wanaonikaa moyoni ni wasichana wetu wa kazi za majumbani. Wodini kwangu aliletwa binti wa Kilifi, homa imempanda, nikamuuliza anaishi mtaa gani ili niandike kwenye faili. Hajui. Ameishi humo miezi na hajui mtaa, kwa sababu hajawahi kutoka peke yake. Huyo utamwambia nini kuhusu watu wema wa kwenye teksi? Hata sheria ya kazi ya 2023 inayokulinda wewe haiwahusu, wana kanuni zao mbali. Kwa hiyo ukinisikia nasema bahati, ni bahati ya mtu mwenye siku ya mapumziko na ufunguo wa mlango mkononi.

Nawe ufunguo unao, basi tuyashughulikie yako. Pasipoti ikae kwako, hata wakisema kabatini kwao kuna usalama zaidi. Mkataba uupige picha kila ukurasa unitumie. Barua isiyo na muhuri inaudhi, lakini hali yako si yetu: sisi tukitaka kuhamia kwa mwajiri mwingine, wa zamani asipoandika kwamba hana pingamizi, umekwama. Sharti hilo liliondolewa Januari 2021. Mkataba wako ukiisha na hawakufai, utahama. Usikae kwa hofu ambayo ilikuwa yangu.

Kanga anika ndani. Kiyoyozi kikiwaka, zitakauka usiku mmoja, na manispaa hawatakuwa na neno. Mapipa usiyakodolee macho, tazama nafasi iliyo baina yake. Mtahini kutokukutazama usoni ni afadhali, wangu alikuwa akinitazama.

Na kuna jambo nakudai. Bibi wa Maskati Mungu amrehemu, lakini binti yake yuko, nambari yake nilikupa tangu Ramadhani, na juzi ameniuliza kama umeshafika nchini. Mwaka mzima uko huko! Unaniuliza bahati nilipata wapi na nambari unayo kwenye simu. Mpigie Ijumaa hii, kabla ya sala, baada ya hapo hulala.

Halafu ukimpata mtu anayekuja, nitumie halua ya zafarani na pakiti za Chips Oman, bibi yako anazikumbuka ingawa meno hana. Jibu kwa maandishi, usitume sauti. Spika ya simu yangu imekwama kwenye sauti ya juu, na mjomba wako ameshajua habari za mtahini hata kabla yangu.

Mamako