Homa Guangzhou: nenda ukapime malaria leo, mzigo utasubiri

Dada, chukua pasipoti uende hospitali sasa hivi. Uko Guangzhou kununua viatu, ulipitia msibani Kigoma kabla ya kupanda ndege, homa inakupanda usiku na kushuka asubuhi, kichwa kinagonga, viungo vinauma. Wakala anakuambia ni kiyoyozi cha hoteli, umeze Panadol, mmalize viwanda vilivyobaki, malaria utapima ukirudi Dar. Na wewe unatuuliza bima ipi ya safari ni nzuri, tiketi inabadilishwaje, na kama Xiaobei, mtaa wa Waafrika hapo Guangzhou, kuna duka la dawa wanaloongea Kiingereza. Hayo ya baadaye.

Habari ya kiyoyozi niliambiwa na mimi, mji huohuo. Nilikuwa nimetoka Kilombero kufuatilia mpunga, nikaunganisha na safari ya China. Homa iliponishika nilikunywa Panadol kama wewe. Ilipozidi nikasema twende hospitali, wakala akajitolea kuwa mkalimani. Ndani ya teksi akaniambia: "Usitaje Afrika wala malaria. Ukitaja wanakuweka karantini, na mzigo wako ndio basi." Kichina anakijua yeye, mimi sikijui. Nikanyamaza.

Hapo ndipo fedha yangu ilipopotea, na nusura roho iende nayo. Daktari aliuliza nimetoka wapi siku za karibuni. Wakala akajibu maneno mawili matatu, daktari akaandika. Kipimajoto kikaonyesha joto la kawaida kwa sababu Panadol ilikuwa bado mwilini. Nikatundikiwa dripu, nikapewa antibayotiki, tukarudi kuhesabu makatoni. Baadaye mwanafunzi mmoja Mtanzania alinisomea ile karatasi: mafua, mgonjwa anaishi Guangzhou. Anaishi Guangzhou! Hakuna aliyenitoa tone la damu kutafuta wadudu.

Na yule daktari simlaumu. Shirika la Afya Duniani liliitangaza China kuwa nchi isiyo na malaria tarehe 30 Juni 2021. Miaka ya 1940 walikuwa na wagonjwa kama milioni 30 kwa mwaka, wakaipiga vita mpaka mwaka 2017 hawakupata hata mgonjwa mmoja aliyeambukizwa ndani ya nchi. Daktari kijana wa pale akiona homa anawaza mafua, Uviko au dengi, ambayo Guangzhou wanaifahamu vizuri. Kwetu hata muuza genge atakuambia "kapime malaria". Kule wasiposikia umetoka Afrika, hawana sababu ya kuiwaza. Neno ambalo wakala alinikataza kulisema ndilo lililokuwa dawa yangu.

Malaria zetu nyingi ni za kile kimelea cha falsiparamu. Dalili mara nyingi huanza kati ya siku 7 na 30 baada ya kuumwa na mbu, kwa hiyo mbu wa Kigoma anaweza kukuangusha ukiwa kiwandani Foshan, jirani na Guangzhou. Usipotibiwa, inaweza kugeuka kuwa malaria kali ndani ya saa 24. Wewe unahesabu siku za viwanda, wenzako wadudu wanazaliana kwenye damu. Na usijipe moyo kwamba tumekua nayo, miili imezoea. Mimi nimeugua malaria tangu mtoto na bado ilinipanda kichwani.

Ilinipandia stoo. Naambiwa nilikuwa naongea Kisukuma na binti wa Kichina aliyekuwa anabandika lebo kwenye makatoni, namwagiza alete ng'ombe. Macho yalikuwa ya manjano, na asubuhi ile mkojo ulitoka kama chai ya rangi. Kiyoyozi gani kinaleta mkojo kama chai ya rangi? Aliyeniokoa ni mama mmoja mfanyabiashara wa Lubumbashi aliyekuja kuchukua vitenge vyake. Kunitazama tu akasema, "Huyu ana malaria," akanipakia kwenye gari, akanipeleka hospitali nyingine, na pale mapokezi kabla hata hajataja jina langu alitaja nimetoka wapi na ninaumwa nini. Damu ikawekwa kwenye darubini, wadudu wakaonekana wamejaa, nikaenda chumba cha wagonjwa mahututi.

Dawa wanayo. Artemisinini, ambayo dawa iliyomo kwenye vidonge vyetu vya mseto inatokana nayo, waliigundua wao, kwenye mradi wa utafiti ulioanza mwaka 1967, na Tu Youyou akapewa Nobeli kwa kazi hiyo mwaka 2015. Nilichomwa sindano za artesunate, akili zikarudi. Ila figo zilikuwa zimeguswa, na hospitali ile nilitakiwa kutoa malipo ya awali kabla ya huduma. Fedha ya kontena ikaishia dirisha la malipo. Nikiwa na mirija mwilini, wakala ananitumia ujumbe wa sauti: lini namalizia salio la oda? Ndipo nikaelewa. Kamisheni yake inatoka kiwandani, oda ikikamilika anakula, mgonjwa akilala hapati kitu. Mtu wa hivyo humpi mdomo wako mbele ya daktari.

Na ile karantini ni uongo mtupu. Malaria haihami kutoka kwangu kuja kwako kwa kukaa pamoja, lazima mbu awe katikati. Walichonacho ni utaratibu wanaouita 1-3-7: mgonjwa aripotiwe ndani ya siku 1, achunguzwe alikoipata ndani ya siku 3, na ndani ya siku 7 wahakikishe haisambai pale alipo. Walikuja maofisa wa afya, wakauliza nimeingia lini na nimelala wapi, wakaondoka. Viza yangu hakuna aliyeigusa.

Sasa fanya hivi. Kwenye simu andika kwa Kichina: "Nimetoka Tanzania, kuna malaria, nina homa, naomba kipimo cha damu cha malaria." Mwonyeshe wa mapokezi, mwonyeshe nesi, mwonyeshe daktari, hata kama wote wanatikisa kichwa kuonyesha wameelewa. Sema umemeza Panadol saa ngapi. Hospitali ya Nane ya Watu ya Guangzhou ndiyo ya magonjwa ya kuambukiza, anzia hapo. Weka hela kabisa kwenye Alipay au WeChat, zile programu za kulipia kwa simu, maana huenda ukatakiwa kulipa kwanza ndipo upimwe. Kipimo kikionyesha huna malaria na homa ikaendelea, usikubali kuondoka hivihivi, kirudiwe baada ya saa 12 hadi 24. Ukianza kutapika mfululizo au kuchanganyikiwa, aliye karibu apige 120. Wakala abaki na viatu, mtafute mwanafunzi wa kwetu akusindikize.

Na kuna mmoja hapa aliyekushauri umeze mseto vidonge vinne "upoze" mpaka Ijumaa, usimsikilize. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku tatu. Ukimeza vinne unawapunguza wadudu tu, unapata nafuu ya uongo, kisha wanarudi. Na ikishakuwa kali inataka sindano.

Tiketi usiiguse kabla ya majibu. Ukizidiwa angani kati ya Guangzhou na Addis hakuna wa kukuchoma artesunate. Bima ukiikata leo ukiwa tayari unaumwa, usitegemee ilipie homa hii.

Ukishatolewa damu andika hapa majibu, nimeacha simu wazi.