Una Haidatidi? Uliza Aina Kabla Hujauliza Bei

Dada mmoja wa Kakuma kaniandikia. Mama yake amekutwa na kifuko cha maji kwenye ini, wameambiwa ni haidatidi, yaani kifuko kinacholetwa na mabuu ya tegu wa mbwa, na ukoo mzima unabishana apasuliwe au asipasuliwe. Anataka kujua mimi nilifanyaje.

Mimi sikupasuliwa, kifuko changu kilitibiwa kwa sindano. Tumbo langu lilivimba upande wa kulia, chini ya mbavu, polepole mpaka nguo zikagoma kufungwa. Mume wangu alikuwa kazini mbali, basi mama mkwe akaanza kuhesabu miezi. Hakuuliza naumwa wapi, aliuliza mimba ni ya nani. Ultrasaundi ndiyo iliyonitetea, na mpaka leo sijasikia pole. Haya, tuyaache.

Siku ya sindano nililazwa chali, nikatiwa ganzi, na sindano ndefu ikapita kati ya mbavu huku daktari akitazama skrini. Maji yaliyovutwa yalikuwa maangavu kabisa. Yakapimwa kwanza kama yana nyongo, kwa sababu yakiwa nayo dawa ya kuua mabuu haitiwi, itaunguza mirija ya nyongo. Yangu yalikuwa safi. Wakaingiza dawa yenyewe, maji ya chumvi ya asilimia 20, tukangoja robo saa, wakayavuta yote. Muuguzi alikaa karibu na adrenalini, sindano ya kuokoa mtu aleji ikimshika, muda wote, maana maji ya kifuko yakivuja mwilini yanaweza kuleta aleji ya kuua. Mahali pasipo na adrenalini, dada, usikubali mama aguswe.

Tena si kila kifuko ni cha sindano. Chenye maji matupu, au ambacho utando wake wa ndani umebanduka, kinafaa. Kilichojaa vifuko vidogo ndani hakifai, na cha mapafuni hakichomwi. Kilichokauka kikawa kigumu mara nyingi huachwa, kikaangaliwa tu. Kwa hiyo uliza aina. Narudia, uliza aina!

Albendazoli, vidonge vya minyoo, huanzwa kabla ya sindano na huendelea baadaye. Imezwe na chakula chenye mafuta, ndipo mwili unaipokea vizuri. Mwenye mimba aseme mapema. Mimi nilipimwa kabla ya kupewa, na mama mkwe alikuwa mlangoni. Majibu nilimpelekea mwenyewe, ayasome.

Na sasa nyote mnaonisoma, hasa sisi wa Turkana, ambako ugonjwa huu umetutesa kuliko karibu popote duniani. Tegu wanaoleta vifuko hivi wanaishi tumboni mwa mbwa, na mbwa huwapata kwenye maini na mapafu ya mbuzi tunayomtupia. Mayai hutoka na kinyesi chake, nasi tunayala kwa mikono yetu. Mkichinja, viungo vyenye vifuko viteketezeni kwa moto au vizikeni kwenye shimo refu. Mbwa apewe prazikwanteli, dawa ya kuua tegu, mara kwa mara. Na mtoto akijisaidia, najua mtaninunia, msimwite mbwa aje kumlamba. Maji yakiwa haba, tumieni kitambaa.