Bajeti ya maji kwanza, mitaro baadaye

Wageni wanaokwenda kujifunza Hiware Bazar, kijiji cha jimbo la Maharashtra huko India, hurudi na picha za mitaro ya kuzamisha maji ya mvua iliyozunguka vilima. Mitaro ni kazi nzuri. Lakini kijiji hicho, ambacho mwaka wa kawaida hupata mvua ya milimita 400 hivi, kinaishi kwa hesabu: kila mwaka masika yakikatika, wanakijiji hukaa mkutanoni, husomewa kipimo cha mvua, kisha huamua wapande nini. Ukiiga mitaro ukaacha hesabu, maji uliyoyazamisha kwa jasho yatanyonywa na pampu kabla kiangazi hakijakolea.

Hesabu yenyewe haihitaji mtaalamu. Milimita moja ya mvua kwenye hekta moja ni lita 10,000. Kipimo cha mvua kiwekwe mahali pa wazi, mbali na mti au ukuta angalau mara mbili ya urefu wake, na kisomwe kila asubuhi saa ileile. Ukikisoma mara moja kwa wiki, jua limeshachukua sehemu yake. Visima vipimwe kwa kamba yenye uzito alfajiri, kabla pampu hazijawashwa. Ukipima mchana utaona kina kilichoshushwa na pampu ya jirani, na utadhani ardhi imekauka.

Kisha gawa. Watu kwanza, mifugo pili, shamba mwisho. Mpango wa taifa wa maji ya bomba vijijini, uliozinduliwa India mwaka 2019, unamhesabia kila mtu lita 55 kwa siku. Kwa watu 1,000 hiyo ni kama mita za ujazo 20,000 kwa mwaka. Hekta moja ya miwa katika nchi kavu hunywa karibu kiasi hichohicho. Isome mara mbili: hekta moja, watu elfu moja. Iandikeni hesabu hii ukutani, mahali ambapo kila mtu hupita. Mvua ikiwa haba, ngano ipunguzwe, dengu na mtama viongezwe.

Sasa mitaro. Wamarathi wana msemo, *matha te payatha*, kutoka kileleni hadi chini ya mlima, na huo ndio mpangilio wa kazi. Ukianza na bwawa la bondeni, udongo wa mlima ulio uchi utalijaza tope katika misimu michache tu. Anzia juu. Anayejua fanya chini ameshaujua mtaro huu, kwa kuwa udongo hutupwa upande wa bondeni. Upana sentimita 60, kina sentimita 30: kila mita moja ya urefu hubeba lita 180.

Kinachoharibu ni kukosa usawa. Tengeneza fremu ya A kwa miti miwili ya mita mbili na mti mmoja wa kukatiza, uning'inize timazi ya jiwe. Isimamishe, weka alama pale kamba inapogusa mti wa kukatiza, igeuze miguu ibadilishane nafasi, weka alama ya pili; katikati ya alama hizo ndipo usawa ulipo. Wengi huruka hatua ya kugeuza, na hapo ndipo kosa huanzia. Mtaro ukiinama hata kidogo, maji yote hukimbilia ncha moja, hupasua tuta, na mvua moja kubwa huacha korongo. Kwa hiyo, kila baada ya mita chache acha kipande kisichochimbwa, ili maji yakae vyumba vyumba.

Mbuzi wakiachiwa mlima, kazi imekufa. Huko huita *charai bandi*, marufuku ya kuchunga ovyo, na *kurhad bandi*, marufuku ya shoka. Majani yanaruhusiwa kukatwa kwa mundu na kubebwa hadi zizini. Msilitangaze katazo kabla ya kukubaliana mwenye mbuzi watano, asiye na shamba, atapata wapi malisho, maana ndiye atakayeumia kwanza.

La mwisho ni visima virefu vya kuchimba kwa mashine, ambavyo Hiware Bazar ilivikataza kwa umwagiliaji. Pale chini ni mwamba wa volkeno, na maji mengi hukaa kwenye tabaka la juu lililochakaa na kwenye nyufa. Bomba la mtu mmoja likishuka mita 150, visima vifupi vya majirani hukauka. Katazo hilo lipitishwe mkutanoni kabla jembe la kwanza halijagusa mlima. Maji yakishapanda, kila mwenye fedha atataka kuchimba, na hatakuwepo wa kumzuia.