Kabla hujajaza Mawasiliano ya Umma kwenye maombi ya chuo

Nikiwa mwaka wa kwanza, mwalimu wa redio alitutuma mjini tukalete habari ya dakika tatu. Nilikuwa nimeanza Shahada ya Mawasiliano ya Umma pale SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino), Malimbe, jijini Mwanza, na nikachagua kwenda soko la Mwaloni, Kirumba, kwa sababu nilisikia dagaa wamepanda bei. Kabla daladala haijavuka katikati ya jiji nilishaandika utangulizi wote daftarini: uvuvi haramu umemaliza dagaa, wafanyabiashara wanalia, serikali ichukue hatua. Kilichobaki ni kupata sauti mbili tatu za kuunga mkono nilichokwisha kuandika.

Mama wa kwanza niliyemsogezea simu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, jana usiku ulitazama juu?"

Sikumwelewa. Akanieleza taratibu, huku akipima dagaa kwa sado, kwamba dagaa huvuliwa gizani. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, dagaa hufuata mwanga, nyavu zikawazoa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina mwanga, kwa hiyo taa haiwaiti tena. Mitumbwi inapumzika siku kadhaa, mzigo unapungua sokoni, bei inapanda. Giza likirudi, bei inashuka. "Uvuvi haramu upo," akasema, "lakini siyo habari ya leo."

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, wadogo zangu huniandikia kuniuliza kama wasome fani hii. Huwa nawajibu: soma, lakini kabla mwaka wa kwanza haujaisha uwe na kitu cha pili unachokijua kwa undani. Uvuvi, afya ya mama na mtoto, bajeti ya halmashauri, madini, ardhi, chochote kinachokugusa kweli. Chuo kitakufundisha kuuliza, kurekodi, kuhariri na kuhakiki. Dagaa utajifunza mwenyewe, na ukikosa cha kujua utabaki kubeba maneno ya wengine kutoka meza moja hadi nyingine, huna namna ya kujua nani kakudanganya.

Mimi nilichukua ziwa. Nilisoma ripoti za uvuvi maktaba, nilirudi Mwaloni hata siku ambazo sikuwa na kazi ya darasani, nikajua kwamba takriban nusu ya Ziwa Victoria iko Tanzania, na kwamba sangara siye samaki wa asili wa ziwa hili, alipandikizwa enzi za ukoloni. Nilipofika mwaka wa tatu, mada ya utafiti wangu haikunisumbua. Wenzangu wengi walikuwa bado wanaihangaikia wiki ya mwisho.

Usidharau nadharia. Najua zinavyochosha: desa, yaani notisi za kukariri, la kurasa arobaini, majina ya Wamarekani, mtihani unakuja. Lakini zipo ambazo ukizishika zitakufungua macho. Mwaka 1968, katika mji wa Chapel Hill, North Carolina, Maxwell McCombs na Donald Shaw waliwahoji wapiga kura 100 ambao walikuwa hawajaamua wampe nani kura. Wakalinganisha mambo ambayo watu hao waliyaona mazito na yale yaliyopewa uzito na vyombo vya habari. Orodha hizo mbili zilikaribiana mno. Waliyachapisha matokeo hayo mwaka 1972, na ndiyo mwanzo wa nadharia ya ajenda, yaani vyombo vya habari huwapangia watu mambo ya kuyaona mazito, utakayokutana nayo muhula wa kwanza au wa pili. Niliposoma hilo niliikumbuka daladala ya Kirumba. Nilikuwa nimepanga nini kiwe tatizo la watu wa Mwaloni kabla sijamuuliza hata mmoja wao.

Nadharia nyingine iliyonifaa ni ya mlinda lango, yaani mtu anayeamua habari ipi ipite na ipi iachwe. David Manning White, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1950, alimwomba mhariri mmoja wa gazeti la Marekani atunze kwa wiki nzima habari zilizotumwa na mashirika ya habari alizozikataa na kuandika sababu ya kila moja. Nilipokwenda field, yaani mafunzo kwa vitendo, nilifanya hivyohivyo kwa wiki mbili, kimyakimya, kwenye kituo kimoja cha redio ambacho sitakitaja. Kila habari iliyoangushwa niliiandika na sababu niliyoisikia. Ya zahanati isiyo na maji ilianguka kwa kukosa usafiri. Ya mgogoro wa malisho, usafiri tena. Semina za hotelini hazikuanguka hata moja, kwa sababu waandaaji walituma gari, na mwisho wa semina palikuwa na bahasha yenye pesa.

Nataka nikuambie wazi kuhusu bahasha, kwa maana darasani inatajwa kwenye somo la maadili na kupita. Utaikuta wiki ya kwanza. Watakaokupa watakuwa wakarimu, wataiita nauli, na pengine kweli huna nauli ya kurudi. Mwandishi wa kujitegemea hulipwa kwa habari inayotumika, na malipo yenyewe ni madogo na huchelewa, kwa hiyo simhukumu kaka aliyekuwa ananifundisha kazi pale, mwenye watoto wawili, alipoipokea. Ila niliona jinsi alivyoacha kuuliza maswali. Amua msimamo wako ungali chuoni, umwambie mtu unayemheshimu, kisha uweke akiba kidogo ya nauli kutoka kwenye bumu, yaani pesa ya mkopo wa wanafunzi. Ile akiba ndiyo iliyoniwezesha kusema "ahsante, nimeshajipanga" bila kutetemeka.

Kuna jambo la lugha pia, na hili linaniuma. Utasoma miaka mitatu kwa Kiingereza, utajibu mitihani kwa Kiingereza, kisha utaajiriwa kuandika na kusema Kiswahili. Matokeo yake unasikia taarifa ya habari imejaa "wadau wamekuja na mkakati wa kushughulikia changamoto" na huambulii nani kafanya nini. Mama wa Mwaloni hakuwa na changamoto. Alikuwa na mzigo mdogo na wateja wanaonung'unika. Sasa, kila kazi ya darasani uliyoiandika kwa Kiingereza, iandike upya kwa Kiswahili siku hiyohiyo, umsomee mtu wa nyumbani. Mimi nilimsomea shangazi kwa simu. Akinikatiza kwa "subiri, nani?" nilijua hapo pamevunjika. Sikupata mwalimu mkali kuliko yeye.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inataka mwandishi awe na ithibati, na kiwango cha chini cha elimu kilichowekwa ni stashahada, kwa hiyo shahada yako ina kazi hata pale wenye vipaji wanapokuambia kipaji kinatosha. Ukitaka kujiajiri mtandaoni, soma kanuni za maudhui za TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) pamoja na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kabla hujafungua chaneli. Usisubiri mhadhiri akusomee.

Vifaa visikutishe. Nilimaliza chuo kwa simu ya kawaida na kipaza sauti kidogo cha kubana kolani, na kompyuta nilitumia ya maabara. Ila redio ya chuo usiikose. Sisi tulikuwa na Redio SAUT palepale, na wanafunzi waliojitolea zamu za alfajiri, ambazo hakuna aliyezipenda, ndio waliopata sauti ya kazi wakiwa bado mwaka wa pili. Chuo chako kikiwa na redio, gonga mlango wiki ya kwanza, hata kama ni kupanga kanda na kufagia studio.

Barua za kuomba field zipeleke mwenyewe, mkononi, miezi miwili kabla ya likizo, na uambatanishe habari moja uliyoiandika kuhusu kile kitu chako cha pili. Mimi niliambatanisha ya dagaa, ile ya pili, iliyoanza na mwezi.