Mark X, Crown au Premio kwa familia ya watu watano? Kaa siti ya nyuma kwanza

Mkuu umeuliza kati ya Mark X, Crown na Premio ipi imetulia zaidi kwa familia ya watu watano inayokaa Mbeya na kwenda Njombe na Iringa mara kwa mara, naona wengi wamekujibu kwa injini na siti za ngozi. Mimi niko Uyole, ukweni Mafinga, Premio nimekaa nayo miaka kadhaa kabla ya kuhamia Mark X toleo la pili (GRX130), na Crown ya kaka yangu huwa naiazima tukiwa wengi, kwa hiyo nakwambia nilichokiona njiani.

Raha ya gari la familia usiipime ukiwa umeshika usukani. Dereva tuta analiona mapema, mwili unajipanga wenyewe, afu ana cha kushika. Wa nyuma wamekaa karibu na ekseli, hawaoni kitu, wanashtukia tu wamerushwa. Ukienda kuangalia gari mwambie mwenye gari aendeshe, wewe kaa nyuma, pitisheni kwenye zile rasta za kuingia vijijini kuanzia Igurusi na Chimala huko, afu utafute kipande ambacho malori yamekibonyeza lami ikawa na mifereji. Mama mkwe wangu ana shida ya mgongo, yeye ndo kipimo changu, akishuka Mbeya bila kujishika kiuno najua gari iko sawa.

Sasa kwa umbo lenyewe. Premio hizi za kuanzia 2007 zina milimita 2700 kati ya tairi la mbele na la nyuma, Mark X na Zero Crown (Crown za 2003 hadi 2008) zina 2850, na hizo sentimita 15 unaziona kwenye lami yenye mawimbi, mana gari refu halinesi mbele nyuma kama fupi. Afu Premio nyuma ina ekseli ya bomba, yani tairi za nyuma zimeunganishwa, moja ikiingia shimoni na mwenzake anasikia, wakati Mark X na Crown kila tairi la nyuma lina mikono yake linajitegemea. Hapo Premio inapigwa, tusifichane.

Ila watu watano! Mark X na Crown zinasukuma kwa nyuma kwa hiyo katikati ya sakafu kuna lile nundu la propela shafti, wa katikati anakaa magoti juu njia nzima. Kama ni mtoto mdogo sawa, kama ni mtu mzima hadi Iringa ni mateso. Premio sakafu yake afadhali sana na mgongo wa siti ya nyuma unalala kidogo, ila bodi ni nyembamba, milimita 1695 dhidi ya 1795 za Mark X, mabega yanagusana. Camry hujaiuliza lakini iangalie, inavuta kwa mbele, nundu ni dogo na bodi ni pana.

Kitu kinachoniuma ni matairi, mana watu wananunua gari zuri afu wanaliua wenyewe kwa rimu. Soma namba ubavuni mwa tairi. 215/60R16 mana ake ukuta wa tairi ni asilimia 60 ya upana wa milimita 215, kama milimita 129 hivi. 235/45R18 ukuta ni kama 106. Hizo sentimita mbili na ushee za mpira na upepo ndo zinazomeza shimo kabla halijafika kwenye shokapu, kwa hiyo Mark X ya rimu 16 na ya rimu 18 kwa barabara zetu ni kama gari mbili tofauti kabisa. Hata Crown ni hivohivo, zipo za aina mbili, Athlete imekazwa na nyingi zinakuja na rimu 18, Royal Saloon imelainishwa, na ya kaka ni Royal. Angalia na namba nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni mwa tairi, ndo tarehe ya kutengenezwa, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, mpira ukizeeka unakuwa mgumu na kelele juu. Upepo fuata karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, asubuhi gari likiwa la baridi, usimwachie kijana wa upepo akujazie 40 eti barabara mbaya.

Shokapu na bushi zisikupite. Gari linaloelea watu wanaliita laini, kumbe shokapu zimekufa, na hilo ndo linalotapisha watoto kwenye kona za kushuka Tukuyu. Mulika na tochi, ukiona oili imelowanisha shokapu au bushi za mikono zimepasuka, weka hiyo gharama kwenye bei. Na lililonyanyuliwa kwa spesa (vile vipande vya kuinulia gari vinavyowekwa kwenye springi) mimi silichukui, shokapu linakosa nafasi ya kurudi chini, kila ukivuka tuta unasikia "ko!"

Kelele: Premio ya CVT (gia otomatiki isiyo na hatua) ukiipandisha Mlima Nyoka imejaa, injini inabaki juu inalia mpaka mwisho wa mlima, na huku kwetu mita 1700 juu ya bahari injini isiyo na tabo imeshapoteza karibu asilimia 15 ya nguvu. V6 ya Mark X inapanda mnaongea taratibu humo ndani. Mafuta inakula zaidi, hilo lipange mapema.

Anayekwambia Mbeya AC ya nini kuna baridi, usimsikilize. AC inakausha hewa. Mvua ya Tukuyu na ukungu wa Isyonje vioo vinaziba dakika moja, unawasha AC, joto unapandisha, hewa unaichukua ya nje usizungushe ya ndani, kioo kinafunguka. Jaribu na hita kabla hujalipa, Juni na Julai utanikumbuka. Ngozi asubuhi ya Julai ni barafu, kitambaa kinatosha.

Kwa hiyo kwako: watoto wakiwa wadogo chukua Crown Royal Saloon au Mark X ya rimu 16. Kama nyuma wanakaa watu wazima watatu, tafuta Camry, na kama bajeti ni ya Premio chukua Premio ambayo haijanyanyuliwa, weka shokapu mpya na matairi mapya kabla ya safari ya kwanza. Ukipata ya kuangalia leta hapa namba ya chesesi bila zile tarakimu za mwisho na picha ya tairi, nitakwambia ninavyoiona.