Muulize Mzee: Nani Aliizamisha Liemba?

Shikamoo Mzee. Kwenye chemsha bongo hapa Mwanga, Kigoma, tumebishana hadi usiku: meli ya Liemba ilizamishwa na Waingereza au Wabelgiji? Na je, Mwalimu Nyerere alisoma Tabora miaka gani?
— Msomaji, Kigoma

Marahaba mwanangu. Si Waingereza, si Wabelgiji. Ni Wajerumani wenyewe, tarehe 26 Julai 1916, karibu na mdomo wa Mto Malagarasi.

Meli hiyo, wakati huo ikiitwa Graf von Goetzen, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa upya hapo hapo kwenu. Iliingia majini mwaka 1915. Vita vilipowaelemea, hawakutaka adui aipate, lakini mafundi waliipenda kazi yao: walipaka injini grisi nzito kabla ya kuizamisha. Hapo ndipo moyo wangu hutua kila ninapoisimulia. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, injini zilikuwa bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kwenye chemsha bongo yenu, anayetaja grisi apewe alama ya ziada. Anayejua sababu amejua zaidi ya anayejua tarehe.

Mwalimu alisoma Shule ya Serikali ya Tabora kuanzia 1937 hadi 1942, kisha akaenda Makerere.